Uzi: Namna migongano inavyotokea na kugunduliwa kwenye mtandao wa Ethaneti

#1 Fundi wa Nakawa

Ndugu zangu, salaam. Kuna uzi wa juma lililopita ambamo mwenzetu alishauriwa kuitupa swichi yake, kifaa kinachounganisha kompyuta za mtandao, kwa sababu kihesabu cha migongano (ishara mbili kutumwa kwa wakati mmoja) kwenye poti moja kilikuwa kikipanda kila alipokitazama. Sikukubaliana na ushauri ule, na kwa kuwa maelezo yake ni marefu, nimeona ni heri niyafungulie uzi wake. Hoja yangu ni kwamba wingi wa migongano peke yake hauonyeshi afya ya mtandao. Kinachoionyesha ni mahali ndani ya fremu, yaani furushi moja la data, ambapo mgongano umetokea, na sababu ya hilo imo katika namna Ethaneti, mtandao wa waya wa kuunganisha kompyuta, ilivyobuniwa tangu mwanzo.

Mwaka 1973 Robert Metcalfe alikuwa mfanyakazi wa maabara ya Xerox PARC huko Palo Alto, California, akitafuta njia ya kuunganisha kompyuta nyingi za jengo moja pamoja na printa ya leza. Tarehe 22 Mei mwaka huo aliandika waraka wa ndani ulioeleza wazo la Ethaneti, kisha yeye na David Boggs wakaujenga mtandao wenyewe, ambao ulikwenda kwa megabiti 2.94 kwa sekunde. Wazo lilitokana na mtandao wa redio wa Chuo Kikuu cha Hawaii ulioitwa ALOHAnet, ambao uliongozwa na Norman Abramson na kuanza kazi mwaka 1971. Huko kila kituo kilirusha ujumbe wakati wowote kilipotaka, na kisipopata uthibitisho kilisubiri muda wa kubahatisha kikarusha tena. Utaratibu huo ni rahisi mno, lakini hesabu yake inaonyesha kwamba hauwezi kutumia zaidi ya asilimia 18 hivi ya uwezo wa njia, kwa kuwa vituo vinarukiana bila kujali nani yuko hewani. Metcalfe aliongeza mambo mawili: kusikiliza kabla ya kutuma, na kuendelea kusikiliza wakati wa kutuma. Hilo la pili ndilo linaloitofautisha Ethaneti, na ndilo ambalo vitabu vingi vya mitihani hulipita kwa sentensi moja.

Mtu huuliza: ikiwa kila kompyuta husikiliza kwanza, mgongano unatoka wapi? Unatoka kwenye kasi ya ishara ndani ya waya, ambayo ni kubwa lakini ina kikomo. Katika kebo za shaba ishara husafiri takriban mita 200 kwa kila mikrosekunde moja, yaani theluthi mbili ya kasi ya mwanga. Tuseme kompyuta A iko mwisho mmoja wa kebo na kompyuta B iko mwisho wa pili. A inasikiliza, inakuta kimya, inaanza kutuma. Biti za kwanza zikiwa bado njiani, B nayo inasikiliza, na kwa upande wake kimya bado kipo, kwa hiyo inaanza kutuma bila kuvunja sheria yoyote. Ishara mbili zinakutana katikati ya kebo. Mfano wa ajali ya magari, ambao walimu wengi hupenda kuutumia, unapotosha hapa, kwa sababu ishara hizo hazisimamishani wala haziharibiani. Zinajumlishana mahali zinapokutana, zinapitana, na kila moja inaendelea na safari yake hadi mwisho wa kebo. Kinachoharibika ni usomaji: kituo chochote kinachosikiliza kinapokea jumla ya ishara mbili na hakiwezi kuzitenganisha.

Sasa lipo jambo ambalo ukilishika, mengine yote yanafuata. A hajui kuwa kuna mgongano mpaka ishara ya B imfikie. Katika hali mbaya kuliko zote, B anaanza kutuma punde tu kabla biti ya kwanza ya A haijamfikia, kwa hiyo habari ya mgongano inapaswa kusafiri tena urefu wote wa kebo kurudi kwa A. Ikiwa A amekwisha kumaliza fremu yake na kunyamaza kabla habari hiyo haijarudi, ataamini kwamba fremu imefika salama, ingawa imeharibika. Kwa hiyo fremu ni lazima iwe ndefu kiasi kwamba mtumaji bado anatuma wakati habari mbaya inapomrudia. Kanuni ya megabiti 10, ambayo kampuni za Digital, Intel na Xerox ziliitoa mwaka 1980 na ambayo baadaye iliingia katika IEEE 802.3, yaani kanuni rasmi za Ethaneti, iliweka muda huo kuwa wa biti 512, yaani mikrosekunde 51.2. Biti 512 ni baiti 64, na ndiyo sababu hakuna fremu halali ya Ethaneti iliyo fupi kuliko baiti 64. Ukitaka kutuma herufi moja tu, kadi ya mtandao au programu yake itajazia baiti tupu mpaka kiwango kifike.

Ili kupata picha ya urefu, fahamuni kwamba kwa megabiti 10 biti moja hudumu sehemu moja ya kumi ya mikrosekunde, kwa hiyo ndani ya kebo inachukua mita 20. Fremu kubwa kabisa ya kawaida, yenye baiti 1518, ingehitaji kebo ya kilomita 240 na ushei ili ienee yote kwa wakati mmoja, umbali unaokaribia safari ya barabara kutoka Kampala hadi Mbale. Kwa maneno mengine, katika mtandao wa jengo moja, kichwa cha fremu kimekwisha kufika kila mahali muda mrefu kabla mkia haujatoka kwenye kadi. Biti 512 za kwanza zikishapita bila mgongano, vituo vyote vimekwisha kuisikia ishara na vitanyamaza, na mtumaji ameimiliki kebo mpaka atakapomaliza.

Kadi inapogundua mgongano haikati ghafla. Inatuma kwanza biti 32 za kuvuruga ili kila kituo kinachohusika kiugundue mgongano bila shaka, kisha inanyamaza na kuchagua muda wa kusubiri kwa kubahatisha. Baada ya mgongano wa kwanza inachagua 0 au 1. Baada ya wa pili, namba moja kati ya 0 na 3. Baada ya wa tatu, kati ya 0 na 7. Na uwanja huo unaongezeka maradufu hadi mgongano wa kumi, ambapo unafikia 0 hadi 1023 na kubaki hapo. Namba iliyochaguliwa inazidishwa kwa mikrosekunde 51.2. Baada ya majaribio 16 kadi inakata tamaa na kuitupa fremu, na hapo ndipo kihesabu cha migongano iliyopita kiasi kinapopanda. Naupenda utaratibu huu kwa sababu hakuna msimamizi anayehitajika: kila kituo kinakadiria msongamano kwa kuhesabu migongano yake chenyewe, na kadiri hali inavyokuwa mbaya ndivyo kinavyozidi kuwapisha wengine.

Maswali karibuni.

#2 Mwanafunzi wa Kyambogo

Asante sana, ssebo. Nimejaribu kuihakiki hesabu yako na haikubali. Tumefundishwa kwamba mtandao wa koaksia nene, ile kebo moja iliyoshirikiwa na kompyuta zote, ulikuwa na urefu usiozidi mita 2500. Kwa mita 200 kwa mikrosekunde, kwenda ni mikrosekunde 12.5 na kurudi ni 12.5, jumla 25. Kwa nini kanuni ikadai 51.2? Hapo si nusu ya muda imepotea bure?

#3 Fundi wa Nakawa

Swali zuri, na wengi waliofaulu mitihani hawajawahi kuliuliza. Hizo mita 2500 hazikuwa kebo moja. Zilikuwa vipande vitano vya mita 500, vilivyounganishwa kwa ripita nne, na kila ripita inahitaji muda wa kuitambua ishara, kuisafisha na kuirusha upya. Ongeza waya wa hadi mita 50 uliotoka kwenye kompyuta kwenda kwenye kifaa kilichobana kebo, na muda ambao kifaa hicho kilihitaji kuamua kwamba kinachosikika ni mgongano kweli. Vyote hivyo hupitiwa kwenda na kurudi. Ukijumlisha, ile nusu unayodhani imepotea imeliwa na vifaa, na kilichobaki ni akiba ya usalama tu. Ndiyo maana mtu aliyeongeza ripita ya tano hakupata mtandao uliopungua kasi kidogo; alipata mtandao ambao fremu fupi zilipotea bila mtumaji kuambiwa chochote.

#4 Mzee wa Koaksia

Mwenzenu nilifunga kebo hizo katika maofisi ya Kampala miaka ya tisini, na ninaomba kuongeza jambo moja ambalo Fundi ameliruka: kifaa kilijuaje kwamba kuna wawili kwenye waya?

Kwenye koaksia haikuwa kwa kulinganisha kilichotumwa na kilichosikika, biti kwa biti, kama baadhi ya vitabu vinavyosema. Ilikuwa kwa kupima volti. Kila kifaa kilipotuma kilisukuma kwenye kebo mkondo ambao wastani wake ulikuwa takriban miliampia 41, daima kuelekea upande mmoja. Ishara ilifumbwa kwa mtindo wa Manchester, ambao katika kila biti huwa na nusu ya juu na nusu ya chini, kwa hiyo wastani haubadiliki hata kama data ni sifuri tupu au moja tupu. Kebo ilikuwa na omu 50, na kwa kuwa kifaa kiliiona kebo pande zote mbili, mzigo wake ulikuwa omu 25. Zidisheni: mtumaji mmoja hushusha wastani hadi volti 1 hivi chini ya sifuri. Wakiwa wawili, wastani unashuka karibu mara mbili. Mpaka uliwekwa katikati, na volti ilipouvuka kifaa kiliiarifu kadi kwamba kuna mgongano. Hii pia ni sababu mojawapo iliyofanya kipande cha kebo kisizidi mita 500, maana mtumaji wa mbali sana angefika akiwa amefifia, na volti yake isingetosha kuuvuka mpaka.

Sasa angalieni matokeo yake. Kwenye kila ncha ya kebo tulifunga tamineta ya omu 50, yaani kizuizi kinachomeza ishara ili isirudi. Kwenye koaksia nyembamba, ile ya mita 185 yenye viungio vya kuzungusha, mfagiaji akikiondoa kiungio ili apitishe ufagio nyuma ya meza, ofisi nzima ilisimama. Watu walidhani ni kwa sababu waya umekatika. Lakini kompyuta mbili zilizobaki upande mmoja, zenye waya mzima kati yao, nazo hazikuweza kuwasiliana. Kwa nini? Mwangwi kutoka ncha iliyo wazi ulikuwa sehemu ya tatizo, lakini upo pia ule mkondo wa miliampia 41, ambao sasa ulikuta omu 50 badala ya 25, kwa sababu tamineta ni moja. Volti ya mtumaji mmoja ikawa mara mbili, ikauvuka mpaka, na kila kifaa kilichojaribu kutuma kiliambiwa kwamba kinagongana, ingawa kilikuwa peke yake. Nilitembea na tamineta mfukoni na kipima omu mkononi: kebo nzima yenye tamineta mbili husoma omu 25 na kidogo, na ukisoma 50 unajua kwamba upande mmoja umeachwa wazi.

#5 Mpita Njia

Nimesoma kwa furaha, lakini kuna jambo hamjalisema. Mimi nilifundishwa kwamba kwa sababu ya migongano Ethaneti hufa ikifika asilimia 37 ya matumizi, na kwamba ndiyo sababu swichi zilibuniwa.

#6 Fundi wa Nakawa

Namba hiyo imezunguka kwa miaka mingi na haiihusu Ethaneti. Asilimia 36.8 ni kikomo cha ALOHA iliyoboreshwa kwa kugawa muda katika vipindi sawa. Ndani yake hakuna kusikiliza kabla ya kutuma wala kukata fremu inapogongana. Mwaka 1988 Boggs, yuleyule, pamoja na Jeffrey Mogul na Christopher Kent walipima Ethaneti halisi ya megabiti 10 iliyobebeshwa mzigo kuliko uwezo wake, na walikuta kwamba fremu kubwa zinapita kwa kiwango kinachokaribia uwezo wote wa kebo. Fremu fupi ndizo zinazoumia, hasa kebo ikiwa ndefu na vituo vikiwa vingi. Sababu yake ni nyepesi: hatari ya mgongano ipo katika biti 512 za kwanza tu, na hatari hiyo ni sehemu ndogo ya fremu ya baiti 1518 lakini ni fremu yote ikiwa ya baiti 64.

Kasoro ya kweli ya utaratibu huu ni nyingine, nayo ni upendeleo kwa aliyeshinda. Chukua A na B, kila mmoja ana fremu nyingi za kutuma. Wamegongana mara moja, A akashinda, fremu yake ikapita, na hesabu yake ya migongano ikarudi sifuri. B bado anakumbuka mgongano mmoja. Wanapogongana tena, A anachagua kati ya 0 na 1, lakini B anachagua kati ya 0 na 3. Ukiandika hali zote nane, A anatangulia katika tano, B katika moja, na mbili ni sare. Akishinda tena, pengo linapanuka zaidi, na B anaweza kusubiri muda mrefu huku A akimimina fremu moja baada ya nyingine. Kwa wastani kebo inaonekana inafanya kazi vizuri kabisa, kumbe mtu mmoja ameketi akitazama skrini iliyoganda. Kama ungeniuliza kwa nini swichi zilihitajika, ningetaja hilo kabla ya namba yoyote ya asilimia.

#7 Mwalimu wa Soroti

Ndugu Fundi, niwie radhi nikitoka kwenye historia. Ninasimamia maabara ya kompyuta ya shule. Tuna swichi moja inayosimamika ya megabiti 100, na mashine nyingi zilizotumika tulizonunua mjini. Intaneti inaingia kwa redio iliyoko juu ya paa, ambayo mtoa huduma aliifunga na kuiunganisha na poti 1. Nikituma pingi, yaani ujumbe mfupi wa kupima kama kifaa kinajibu, kwenda kwenye redio, majibu yote yanarudi kwa muda mfupi na hakuna hata moja linalopotea. Lakini kupakua faili kubwa ni mateso. Kasi inapanda, inaanguka, inasimama, inaanza tena. Kwenye poti 1 swichi inaonyesha migongano, na kuna mstari wa migongano iliyochelewa ambao unaongezeka. Poti nyingine zote zina sifuri. Mtoa huduma anasema redio yake ni nzima na kwamba tatizo ni swichi yangu. Je, ni kweli?

#8 Fundi wa Nakawa

Mwalimu, uzi huu ni kama uliandikwa kwa ajili yako. Swichi yako ni nzima, na redio pia huenda ni nzima. Nieleze kwa nini nasema hivyo bila kuviona.

Tulipotoka kwenye koaksia tukaingia kwenye waya wa jozi zilizosokotwa, ambao uliingizwa katika kanuni ya megabiti 10 mwaka 1990, njia ya kutuma na njia ya kupokea zilitenganishwa. Kwenye megabiti 10 na 100, kompyuta hutuma kwa jozi moja na kupokea kwa nyingine. Hapo hakuna tena volti ya kupima. Katikati palikuwa na habu, ambayo ilirudia ishara ya poti moja kwenda poti nyingine zote isipokuwa ile ilikotoka. Kwa hiyo ukiwa unatuma peke yako, jozi yako ya kupokea iko kimya. Ukisikia chochote juu yake huku unatuma, maana yake ni kwamba kuna mwingine anayetuma, au habu imekwisha kuona poti mbili zikitumika pamoja na inarusha ishara ya kuvuruga kwa wote. Mgongano ukawa na maana mpya kabisa: kupokea wakati wa kutuma.

Kisha ikaja swichi. Yenyewe hairudii ishara. Inaipokea fremu, inasoma anwani, na kuituma kwenye poti inayohusika. Kila poti ikawa eneo lake la mgongano, lenye wakazi wawili tu: swichi na kompyuta. Na kwa kuwa kila mmoja ana jozi yake ya kutuma, hakuna sababu ya kuzuiana. Mwaka 1997 dupleksi kamili ilipata kanuni yake, 802.3x: tuma utakapo, pokea wakati huohuo, usisikilize wala usisubiri. Tukio lilelile ambalo kwa sheria ya zamani ni mgongano, kwa sheria mpya ni kazi ya kawaida, na sehemu ya kadi inayogundua migongano imezimwa.

Shida inakuja pale upande mmoja unapofuata sheria ya zamani na upande wa pili sheria mpya. Vifaa viwili vinapounganishwa vinapatana wenyewe kwa mipigo maalumu ya umeme, kila kimoja kikitaja uwezo wake. Mtu akizima mapatano hayo kwenye redio na kuiandikia kwa mkono megabiti 100 na dupleksi kamili, redio hainadi tena uwezo wake. Swichi inaweza kuitambua kasi kutokana na ishara yenyewe, lakini haina namna ya kuijua dupleksi, na kanuni inaiagiza katika hali hiyo ichukue dupleksi nusu, yaani ile sheria ya zamani ya kutuma au kupokea kwa zamu. Hilo si kosa la swichi; ndivyo ilivyoandikwa.

Fuatilia sasa kinachotokea. Swichi inatuma fremu ya mwanafunzi kwenda kwenye redio. Fremu ikiwa imefika katikati, redio inaanza kutuma yake, kwa kuwa kwake hilo ni halali. Swichi inasikia ishara kwenye jozi ya kupokea, inaamini ni mgongano, inakata fremu, inavuruga na kusubiri. Redio inapokea kipande cha fremu chenye hesabu ya ukaguzi isiyolingana na kukitupa. Na kwa kuwa redio haisikilizi, haina sababu ya kuanza ndani ya biti 512 za kwanza. Inaweza kuanza popote. Mgongano unaotokea baada ya biti hizo unaitwa mgongano uliochelewa, na kwa kawaida kadi haiitumi tena fremu hiyo, kwa sababu kwa mujibu wa kanuni mgongano wa namna hiyo hauwezi kutokea katika mtandao uliojengwa vizuri. Fremu imepotea, na ni kazi ya TCP, programu ya kompyuta inayohakikisha data imefika, kugundua na kutuma upya, jambo ambalo huchukua muda mrefu mara maelfu kuliko kusubiri kwa kadi, tena TCP hudhani njia imesongamana na kupunguza kasi. Hiyo ndiyo sababu ya kasi yako kupanda na kuanguka.

Pingi inapita salama kwa sababu ni pakiti moja ndogo inayokwenda, kisha moja inayorudi. Ni nadra kukutana. Upakuaji una data inayokuja na uthibitisho unaokwenda kwa wakati mmoja, kwa hiyo zinakutana kila mara. Yeyote anayekuambia kwamba waya ni mzima kwa sababu pingi inajibu, mwombe atume faili kubwa pande zote mbili.

Tiba: ama mtoa huduma arudishe mapatano ya kujiendesha kwenye redio, ama wewe uiandikie poti 1 kwa mkono megabiti 100 na dupleksi kamili. Mimi nachagua la kwanza, kwa sababu siku atakapobadilisha redio na kuweka mpya yenye mapatano, poti yako uliyoifunga kwa mkono itazaa tatizo hilihili kwa upande wa pili. Kabla ya kubadilisha chochote mwombe akusomee vihesabu vya redio. Ukisikia makosa ya ukaguzi mengi na migongano sifuri, wakati kwako kuna migongano iliyochelewa, hakuna haja ya ushahidi mwingine. Kwenye mashine za Linux amri ya ethtool itaonyesha kasi na dupleksi kwa mstari mmoja mmoja.

#9 Mwanafunzi wa Kyambogo

Nina maswali mawili ya mwisho. Kwanza, kwa gigabiti 1 biti 512 zinakwisha kwa nusu mikrosekunde. Sheria ya Fundi inasalimikaje? Pili, kwa nini Wi-Fi haigundui migongano?

#10 Fundi wa Nakawa

La kwanza: haikusalimika vizuri. Kwa megabiti 100 muda ulishuka hadi mikrosekunde 5.12, na upana wa mtandao wa habu ukapungua hadi mita 200 hivi, jambo lililovumilika kwa kuwa waya wa jozi ulikwisha kuwekewa kikomo cha mita 100. Kwa gigabiti 1 kikomo kingeshuka hadi mita 20 au zaidi kidogo, ambazo hazitoshi hata kwa darasa kubwa. Wabunifu wa kanuni ya mwaka 1998 wakaongeza mkia wa ishara tupu baada ya fremu fupi ili mtumaji abaki hewani kwa muda wa baiti 512, mara nane ya zamani. Ni ufundi mzuri ambao karibu hakuna aliyeutumia, kwa sababu wakati huo swichi zilikuwa zimekwisha kuwa nafuu. Kanuni ya gigabiti 10 ya mwaka 2002 iliiacha kabisa dupleksi nusu.

La pili: antena inayorusha inajizibia masikio yenyewe. Nguvu inayotoka ni kubwa mno kuliko inayofika kutoka kwa mwingine, kwa hiyo redio ya kawaida haiwezi kusikia huku ikituma. Tena vituo viwili vinaweza kusikika na kifaa cha katikati bila vyenyewe kusikiana. Wi-Fi kwa hiyo inajaribu kuepuka mgongano kwa kusubiri muda wa kubahatisha mapema, na inadai uthibitisho wa kila fremu, ambako ni kurudi Hawaii kwa kiasi fulani.

#11 Mzee wa Koaksia

Vijana wasidhani kwamba mambo haya yamekufa. Mwaka 2019 iliidhinishwa kanuni ya 802.3cg, na ndani yake kuna Ethaneti ya megabiti 10 kwenye jozi moja ya waya, ambapo vifaa vinane au zaidi vinashiriki waya mmoja wa mita 25. Imelengwa kwenye magari na mitambo. CSMA/CD, yaani utaratibu uleule wa kusikiliza na kugundua migongano, imo ndani, na juu yake kuna utaratibu wa hiari wa kupeana zamu ili migongano isitokee kabisa. Nilipoisoma nilicheka peke yangu. Tumerudi kwenye waya mmoja wa wote, na tamineta zimerudi nao.

#12 Mwalimu wa Soroti

Nimerudi na majibu. Mtoa huduma alisoma vihesabu vya redio: makosa ya ukaguzi mengi, migongano sifuri, na mpangilio ulikuwa megabiti 100 dupleksi kamili kwa mkono. Amerudisha mapatano, na poti 1 sasa inasoma dupleksi kamili. Tangu hapo kihesabu cha migongano hakijasogea, na faili kubwa zinashuka kwa kasi isiyoyumba. Lakini nilipokuwa nikikagua poti nyingine nimeona kwamba poti 14 ina makosa ya ukaguzi yanayoongezeka taratibu. Pande zote mbili ni dupleksi kamili na hakuna mgongano wowote. Je, nayo ni jambo hilihili?

#13 Fundi wa Nakawa

Hapana, Mwalimu. Pande zote mbili zikiwa dupleksi kamili hakuna anayehesabu wala kusababisha migongano, kwa hiyo makosa hayo yanatoka kwenye waya, kiungio, au kadi yenyewe. Anza na kichwa cha waya: angalia kama jozi zimefumuliwa kupita kiasi kabla ya kubanwa, na kama nyaya nambari 3 na 6 ni za jozi moja, kwa maana fundi asiye makini huzipanga moja hadi nane kwa mfuatano na zile mbili zikaangukia jozi tofauti. Kipima waya cha taa kitakuonyesha kwamba zote zinafika, kumbe hazisokotani. Badilisha kwanza waya huo na uliopimwa, weka vihesabu kwenye sifuri, usubiri siku moja ya masomo, na kama bado vinapanda tufungulie uzi mwingine wenye picha ya hivyo viungio.